Kufunga Kizazi Bila Mtoto: Ridhaa ni ya Nani?

Mama wa watoto sita akifika kliniki ya uzazi wa mpango na kusema amechoka, anataka kufunga kizazi, hupokewa vizuri. Atasifiwa kwa kufikiria mbali, atapewa fomu ya ridhaa, atapangiwa siku. Binti wa miaka 29 asiye na mtoto akiketi kwenye kiti kilekile na kuomba huduma ileile, mazungumzo hugeuka.

"Una watoto wangapi, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Na mume je?"

"Sina."

"Basi kafikirie kwanza. Ukishapata mume, uje naye."

Maswali huishia hapo. Hakuna anayemuuliza kama anajua upasuaji huo unafanywaje, kama anaelewa kwamba ni wa kudumu, wala kama amewahi kutumia kijiti au kitanzi. Anapimwa kwa idadi ya watoto na kwa uwepo wa mume, mambo mawili yasiyoeleza chochote kuhusu uelewa wake.

Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo hicho si sahihi, na kwamba ubaya wake ni wa ukoo mmoja na ule wa kuwafunga kizazi wanawake wasiotaka. Katika hali zote mbili kuna mtu mwingine aliyejipa kazi ya kuamua nani azae na nani asizae. Ili kulipima jambo hili kwa haki, inabidi tuuangalie upasuaji wenyewe, wanaouomba, hofu ya majuto, historia ya shuruti, na madai ya ndoa, dini na taifa.

Upasuaji wenyewe

Kwa mwanamke, njia iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ya mpasuo mdogo. Mteja hupewa dawa ya kumtuliza na kuchomwa ganzi sehemu ya chini ya tumbo. Mara nyingi huwa macho, na anaweza kuongea na muuguzi aliyesimama kichwani pake. Daktari hupasua sentimita chache juu kidogo ya kinena, huuvuta mrija mmoja wa uzazi hadi kwenye uwazi ule, huufunga kwa uzi, hukata kipande cha katikati, kisha huurudisha na kuutafuta wa pili. Kazi yote huchukua kama nusu saa, na wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo.

Ovari haziguswi, kwa hiyo homoni huendelea kutengenezwa, hedhi huja kama kawaida na hamu ya tendo la ndoa haipotei kwa sababu ya upasuaji. Yai likitoka halikutani na mbegu, na mwili hulifyonza. Kati ya wanawake 1,000 waliofungwa, takriban 5 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Ni wachache, lakini kila mteja anapaswa kuambiwa, kwa sababu mimba ya namna hiyo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Siku hizi baadhi ya madaktari huitoa mirija yote badala ya kuikata tu, kwa kuwa saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mirija hiyo.

Kwa mwanaume, kazi ni nyepesi zaidi. Mwaka 1974, daktari wa China, Li Shunqiang, alibuni njia isiyohitaji kisu: ngozi ya korodani hutiwa ganzi, hutobolewa tundu dogo, mirija ya kupitisha mbegu huvutwa nje na kufungwa. Tumbo haliguswi. Mwanaume huyu ataendelea kusimamisha na kutoa shahawa, kwa sababu homoni za kiume husafiri kwa njia ya damu, hazipiti kwenye mirija iliyofungwa. Anayesema kwamba mtu huyo amehasiwa anachanganya mambo mawili yasiyofanana. La kuzingatia ni kwamba mbegu zilizokwisha kupita huchukua kama miezi 3 kuisha, na katika muda huo lazima atumie kinga nyingine, kisha apimwe shahawa. Na kwa wote, mwanamke na mwanaume, kufunga uzazi hakuzuii Virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa.

La mwisho kuhusu upasuaji ndilo zito kuliko yote: uchukuliwe kuwa wa kudumu. Kuunganisha mirija upya ni upasuaji mgumu, ghali na usio na uhakika, na mrija ukishatolewa hakuna cha kuunganishwa. Kupandikiza mimba kwa njia ya maabara kunawezekana Dar es Salaam na Nairobi, ila kwa gharama ambayo watu wengi hawaimudu. Mtu asiyeelewa hili hajaridhia bado, hata akitia saini fomu kumi.

Wanaoomba ni akina nani

Wapo wenye sababu za kiafya: mwenye selimundu anayejua mimba ni hatari kwake, au mwenye ugonjwa wa kurithi asiotaka uende kwa kizazi kingine. Wapo waliochoshwa na madhara ya njia za homoni, hedhi isiyotabirika, kichwa kuuma, uzito kuongezeka. Wapo mabinti wa kwanza waliowabeba wadogo zao mgongoni tangu shule ya msingi, wakapika, wakafua, wakakesha na wagonjwa, na wanaona wameshalea vya kutosha. Na wapo wasio na sababu nyingine zaidi ya kwamba hawataki kuwa wazazi.

Kundi hili la mwisho ndilo linalotusumbua, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba kutotaka mtoto lazima kuwe na jeraha nyuma yake. Tunatafuta mwanaume aliyemuumiza, mama aliyemtesa, pepo aliyemwingia. Lakini anayetaka watoto haulizwi sababu. Hakuna kliniki inayomwambia mwenye mimba ya kwanza kwamba akafikirie tena, ingawa uzazi nao ni uamuzi usiorudi nyuma na unamhusu mtu wa pili ambaye hakuombwa maoni. Kuzaa si kazi, kazi kulea, ndivyo tunavyosema kila siku. Mtu aliyeipima kazi hiyo ya kulea, akajipima na yeye, akaona hataiweza au hataipenda, ameichukulia methali kwa uzito kuliko wengi wanaoitamka.

Majuto

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kumfunga kizazi kijana asiye na mtoto ni kwamba atajuta. Majuto ni mjukuu, na daktari anayeogopa kusababisha majuto ya mtu mwingine ana ubinadamu ndani yake. Hoja hii ijibiwe kwa ushahidi.

Utafiti mkubwa uliofuatilia washiriki kwa miaka mingi kuhusu suala hili ulifanyika Marekani, kwa wanawake zaidi ya 10,000 waliofungwa kizazi kati ya 1978 na 1987. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba ndani ya miaka 14, karibu asilimia 20 ya waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini walisema wanajuta. Kwa waliovuka umri huo, ni kama asilimia 6. Umri, basi, una uzito, na anayesema vijana hawajuti kamwe hasemi kweli.

Lakini utafiti huohuo una sura nyingine ambayo hutajwa mara chache. Waliojuta zaidi walikuwa wale waliofungwa mara baada ya kujifungua, wakati mwili umechoka, mtoto ni mchanga na ndoa bado haijatulia. Wanawake ambao hawakuwahi kuzaa walikuwa miongoni mwa waliojuta kwa kiwango cha chini, takriban asilimia 6. Yapo ya kuhadhari: mwanamke asiye na mtoto aliyekubaliwa miaka ile alikuwa ameshachujwa sana na huenda alikuwa na msimamo usioyumba. Hata hivyo, takwimu hizi zinakanusha imani kwamba kutokuwa na mtoto ndiko kunakozaa majuto. Kinachoyazaa, kwa sehemu kubwa, ni uamuzi uliofanywa kwa haraka, katika kipindi cha msukosuko, au chini ya shinikizo la mtu mwingine.

Shirika la Afya Duniani linakubaliana na mtazamo huo. Katika mwongozo wake wa vigezo vya kitabibu vya njia za uzazi wa mpango, kutowahi kuzaa hakuhesabiwi kuwa kizuizi cha kufunga kizazi. Umri mdogo umewekwa kwenye tahadhari, na maana ya tahadhari hiyo ni kwamba ushauri uwe wa kina zaidi. Haimaanishi mlango ufungwe.

Upo pia upande wa majuto ambao huhesabiwa mara chache. Aliyekataliwa, akapata mimba asiyoitaka, akazaa na kulea kwa uchungu, ni nadra kuingia kwenye jedwali la mtafiti. Katika jamii yetu hata kusema kwamba unajuta kuzaa ni mwiko. Tukiyahesabu majuto ya upande mmoja tu, mizani lazima ilale upande huo.

Waliofungwa bila kutaka

Huwezi kulijadili jambo hili barani Afrika bila kukumbuka waliotendewa kinyume. Mwaka 2012, shirika moja la Kenya lilichapisha simulizi za wanawake 40 wenye Virusi vya Ukimwi waliofungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Wapo waliotakiwa kutia saini wakiwa katika uchungu wa kujifungua. Wapo walioambiwa kwamba bila kukubali hawatapata maziwa ya mtoto wala chakula cha msaada. Kesi ilifunguliwa mwaka 2014, na Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wanawake waliofika mbele yake zilivunjwa, ikaamuru walipwe fidia. Namibia ilitangulia: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi wa kuwapa haki wanawake watatu mwaka 2014. Nchini India, mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi ndani ya mwaka mmoja, wengi wao kwa shinikizo la maofisa waliopewa malengo ya kufikia.

Historia ya Marekani inaonyesha jinsi shuruti na katazo vinavyoweza kukaa nyumba moja. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari wengi huko walifuata kanuni ya 120: umri wa mwanamke uzidishwe kwa idadi ya watoto, na jibu lisipofika 120 asifungwe kizazi. Mwenye miaka 30 alihitaji watoto wanne. Asiye na mtoto alizidishwa kwa sifuri, kwa hiyo hakustahili katika umri wowote. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 1973, huko Montgomery, Alabama, mabinti wawili weusi wa miaka 12 na 14 walifungwa kizazi baada ya mama yao, ambaye hakujua kusoma, kuweka alama ya X kwenye karatasi akidhani ni ridhaa ya sindano za uzazi wa mpango. Mwanamke mweupe wa tabaka la kati alinyimwa alichoomba, na watoto weusi wa familia maskini walitendewa ambacho hawakuomba. Serikali na madaktari walikuwa na orodha mbili vichwani mwao, ya wanaopaswa kuzaa na ya wasiopaswa, na kila mmoja alihudumiwa kulingana na orodha aliyomo.

Kutokana na matukio kama hayo, Marekani iliweka masharti kwa upasuaji unaolipiwa na bima ya serikali kwa maskini: mteja awe na miaka 21 au zaidi, na zipite siku 30 kati ya kutia saini na kufanyiwa upasuaji. Ni kinga iliyopatikana kwa maumivu. Leo, hata hivyo, baadhi ya wanawake maskini wanaotaka huduma hiyo kwa hiari huikosa kwa sababu ya karatasi hizo, wakati mwenye bima binafsi haulizwi. Tunajifunza kwamba kinga ni lazima, na kwamba inapaswa kulinda uamuzi wa mtu bila kuuchukua.

Ndoa, ukoo na dini

Kwetu, mtoto ni zaidi ya furaha ya wazazi wawili. Ndiye anayebeba jina la babu, ndiye tegemeo la uzeeni mahali ambapo wafanyakazi wengi hawana pensheni, ndiye anayeimarisha nafasi ya mke kwa wakwe. Mzee anayemwuliza binti "utazikwa na nani?" anauliza jambo la kweli, na anayechagua kutozaa anapaswa kuwa na jibu: akiba, bima, ndugu, marafiki, wapwa anaowalea kwa mapenzi. Ila swali hilo ni la kumpa mtu ushauri, halimpi mwingine mamlaka juu ya mwili wake. Tena wengi waliozaa wamezeeka peke yao.

Upande wa mwenye kuchagua nao una wajibu. Aliyefunga uzazi, au aliyeamua kufunga, anapaswa kumwambia mchumba wake kabla ya mahari kupokelewa. Kumficha mwenzako jambo hili, ukamwacha anywe dawa za miti na kuzunguka hospitali akitafuta mtoto, ni dhuluma. Walio ndani ya ndoa wana kila sababu ya kushauriana, na ndoa nyingi zaidi zinaweza kuvunjika kwa sababu ya siri kuliko kwa tofauti ya mawazo. Lakini kushauriana si kuomba kibali. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi lilitamka wazi mwaka 2011 kwamba mwanamke mwenyewe ndiye pekee anayeweza kutoa ridhaa halali ya kufungwa kizazi, na mume hawezi kuitoa wala kuizuia. Brazil iliondoa sharti la ridhaa ya mwenza kwa sheria ya mwaka 2022, ikashusha umri kutoka miaka 25 hadi 21, na kubakiza siku 60 za kutafakari. Japani bado inalishikilia sharti hilo, na mwaka 2024 wanawake walifungua kesi Tokyo kulipinga.

Kuhusu dini, tusijidanganye kwamba ni suala jepesi. Baraza la kimataifa la fikihi ya Kiislamu, lililokutana Kuwait Desemba 1988, liliamua kwamba kuondoa kabisa uwezo wa kuzaa ni haramu pasipo dharura inayotambuliwa kisheria, ingawa kupanga uzazi kwa muda kwa makubaliano kunaruhusiwa. Kanisa Katoliki, katika waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, lilikataa kufunga uzazi kuwa njia ya kuzuia mimba. Muumini anayeifuata dini yake atayapima maamuzi hayo, na ni haki yake. Hospitali ya kanisa nayo haiwezi kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Linalodaiwa ni uaminifu: imwambie mteja waziwazi kwamba huduma hiyo haitolewi pale na imwelekeze inakotolewa, bila kumdanganya kwamba haipo au kwamba kitabibu haifai. Kliniki ya umma haina dini, na imani ya muuguzi isigeuke kuwa sheria kwa mteja.

Taifa nalo lisiingie kitandani

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za mwaka 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8 na wa Kenya 3.4. Viongozi huzitazama takwimu hizi kwa macho tofauti. Mwaka 2018, Rais John Magufuli aliwahimiza Watanzania hadharani waachane na njia za uzazi wa mpango, akiamini watu wengi ni nguvu ya nchi. Wengine, hasa wafadhili, huona kila kizazi kinachofungwa kuwa ushindi dhidi ya umaskini. Mwanamke asiyetaka mtoto hastahili kulaumiwa na wa kwanza wala kupongezwa na wa pili. Hakuamua ili kuinyima nchi askari au kuipunguzia gharama ya madarasa. Serikali inayoruhusu njia ya kudumu kwa sababu inataka watu wapungue inaweza kesho kuilazimisha, na inayoikataza kwa sababu inataka watu waongezeke inafuata mantiki ileile.

Kinachopaswa kuulizwa

Msingi wa kisheria tunao. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania na Kenya zimeiridhia, katika ibara ya 14 inampa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa au la, idadi ya watoto na nafasi kati yao, na haki ya kuchagua njia yoyote ya uzazi wa mpango. Haki ya kuamua kama atazaa imetajwa kabla ya idadi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inataja afya ya uzazi miongoni mwa haki za kila mtu. Linalobaki ni kuziteremsha haki hizi hadi kwenye chumba cha ushauri.

Muuguzi akae na mteja, mlango umefungwa, mume au mama mkwe akiwa nje hata kama ndiye aliyemsindikiza. Amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe upasuaji utafanya nini. Amwulize atajisikiaje akipata mwenza anayetaka watoto, na amsikilize bila kumsahihisha. Amwulize kama kuna mtu anayemsukuma. Amweleze kwamba kuna kijiti cha miaka 3 hadi 5 na kitanzi cha shaba cha miaka 10 au zaidi, vinavyokaribia nguvu ya upasuaji na vinavyotolewa wakati wowote, ili anayechagua njia ya kudumu awe ameikataa ya muda akijua. Ampe majuma kadhaa ya kutafakari, na amwambie kwamba anaweza kubadili mawazo hata akiwa ameshalala kitandani. Akirudi na jibu lilelile, apangiwe siku. Na kama ni wawili waliokubaliana, wote waelezwe kwamba upasuaji wa mwanaume ni mwepesi na salama zaidi, kwa maana mzigo huu umebebeshwa wanawake muda mrefu mno.

Wizara za afya zinaweza kumaliza utata kwa kuandika sentensi moja kwenye miongozo yao: kutokuwa na mtoto au mwenza si sababu ya kumnyima mtu mzima huduma ya kudumu ya uzazi wa mpango. Sentensi hiyo ingemlinda pia daktari anayetaka kumsikiliza mteja wake lakini anaogopa ndugu watakaokuja kumshtaki mwakani.

Maneno yanayomkinga mama mwenye Virusi vya Ukimwi, kwamba hataguswa bila ridhaa yake, hayana uzito kamili mpaka yamfikie na yule binti wa miaka 29. Kama ridhaa yake ina nguvu ya kuuzuia mkono wa daktari, basi ina nguvu pia ya kuuomba.